Usiusugue Sana Mtutu

Tarehe 6 Februari

Mjomba wangu,

Hujambo huko juu ya tanuri la mikate? Sisi hatujambo, isipokuwa magoti ya mama, ambayo kwa maneno yake mwenyewe yamehama bila kuaga. Dada yako anakusalimu, na anasema kama bado unakula mkate mtupu asubuhi, mchana na jioni, ujue tumbo si gunia la unga. Jirani amenunua jogoo asiyejua saa. Kazini hakuna jipya: watu wanang'oka meno, nami nawatengenezea mengine. Juzi bwana mmoja alirudisha seti yake akilalamika kwamba inacheka hata yeye akiwa amenuna.

Sasa jambo lenyewe. Bunduki imefika. Msimamizi wa uwanja wa shabaha aliipokea pamoja na vibali vyake, akavisoma, akavirudia, kisha akaniuliza, "Mwewe ametoa bunduki yake? Mwewe huyu huyu?" Nikamwambia ndiyo, mjomba wangu mwenyewe. Akavisoma mara ya tatu.

Nilipovuta komeo, ganda la risasi iliyokwisha pigwa likaruka likaanguka mezani. Kiganda kidogo cha shaba, kifupi kama kucha ya dole gumba. Ukingo wake wa chini umebonyezwabonyezwa pande zote, hapana hata mahali pa kuongeza alama nyingine. Hiki ni kitu gani, Mjomba? Na kwa nini umeituma bunduki? Si wewe uliyesema utazikwa nayo, mama akakujibu kwamba jeneza halitafunga?

Mashindano ya klabu ni mwezi wa sita, nami nimejiandikisha. Uliahidi kuja kukaa nyuma yangu uninung'unikie. Mama anasema ukija usirudi tena huko. Chumba cha uani tumekipaka rangi, kipo tu kinakungoja. Mlango wake bado unalia kama paka aliyekanyagwa, ila huo nitautia mafuta.

Nataka kuisafisha bunduki vizuri kabla sijaanza mazoezi. Nielekeze.

Mpwa wako, mtengeneza meno.

Nimesahau: mbona anwani uliiandika kwa herufi kubwa hivyo? Posta walidhani ni tangazo la duka.


Tarehe 27 Februari

Mpwa wangu, jino la mwisho la ukoo wetu,

Salamu zako nimezipata zikiwa za moto, maana mtu wa posta huziacha kwa mwoka mikate hapa chini. Mimi mzima kama chuma cha reli. Mwambie dada yangu mkate ninaokula mimi una siagi, na tumbo hili limekula katika bandari ambazo ramani ya shule yenu haikuzifikia. Mimi nimegandisha samaki wa mabara manne! Meli nzima ilikuwa inaingia hofu ikisikia fundi wa friji ana mafua. Ndiyo, shule niliyosoma ilikuwa na mlango mmoja, nami niliupenda zaidi wakati wa kutoka, lakini nionyeshe profesa aliyewahi kuokoa tani nzima ya kamba wabichi kwa kipande cha waya.

Unauliza kwa nini nimeituma. Nimechoka kushinda. Huku wakiniona naingia uwanjani watu wanakunja karatasi zao wanarudi kwa wake zao. Si uungwana. Herufi kubwa? Kalamu mpya, nene. Ganda? Takataka, tupa. Chumba cha uani? Mwoka mikate hawezi kubaki peke yake. Nani mwingine atamfunga kwenye drafti mpaka aombe maji?

Haya, kaa vizuri. Kabla ya yote vuta komeo, utazame chemba, pale risasi inapolala. Utazame tena. Kisha utie ncha ya kidole. Macho ni waongo, kidole hakina sababu ya kudanganya. Hata mimi nikikupa bunduki nikaapa ni tupu, usiniamini, na mimi ndiye mjomba wako.

Ukishahakikisha, toa komeo, upitishe ufito wa kusafishia kutoka nyuma, upande wa chemba, utokee mdomoni. Usianzie mdomoni kamwe. Mdomo wa mtutu ndio unaoiaga risasi. Ukiukwaruza, risasi inaondoka nyumbani na kinyongo. Kitambaa chenye tone la mafuta, kisha kitambaa kikavu, basi. Usiusugue sana mtutu. Hii si sufuria iliyoungua. Risasi hizi ndogo zimepakwa nta, na nta hiyo huacha utando ndani. Wewe utauita uchafu, mimi nauita mazoea. Bunduki isiyo na mazoea haimjui mtu.

Panapochafuka kweli ni usoni pa komeo, na ule ukucha mdogo unaovuta ganda. Hapo tumia mswaki, wewe mwenye miswaki ya dunia nzima.

Kitako cha mbao nitakuandikia siku nyingine. Hiyo ni elimu ya juu.

Mimi Mwewe, ambaye hajakosa tangu azaliwe.


Tarehe 1 Machi

Mjomba,

Salamu. Mama hajambo, jogoo bado anawika saa ya chakula cha mchana. Barua yako haijafika, nami sikuweza kungoja, unanijua. Basi nimeisafisha mwenyewe, na ninaomba unisifu.

Niliiweka kwenye meza ya klabu chini ya taa, nikachungulia ndani ya mtutu, nikaona utando wa kijivu umeng'ang'ania kila mahali. Nikaona haya kwa niaba yako. Nikachukua brashi ya waya, nikaiingiza mdomoni mwa mtutu, nikasugua mpaka mkono ukafa ganzi. Utando haukutoka wote. Ndipo nikafanya kama ninavyofanya kazini. Nilikuwa nimebeba kopo la dawa yetu ya kung'arishia meno, ile laini ya mwisho. Nikaipaka kwenye kitambaa, nikavuta mbele na nyuma, mbele na nyuma, wakati msimamizi amekwenda kunywa chai. Mjomba, sasa ndani kunawaka kama kioo! Ungeweza kuivaa mdomoni ukaenda nayo harusini.

Nimefanya kwa ajili yako. Nilitaka ukija uchungulie ndani, ujione.

Ganda lile limo kwenye mfuko wa aproni yangu ya kazini. Sijui kwa nini.

Mpwa wako.


Tarehe 18 Machi

Ewe msiba wangu wenye vidole kumi,

Salamu sina. Zimeanguka zote. Mwoka mikate alinisomea barua yako, kwa kuwa nilikuwa na unga mikononi, na alipofika penye kopo nikamwambia rudia. Akarudia. Nikatafuta kiti nikae, nikakikosa, maana kiti changu siku hizi kipo ukutani kabisa, na usiniulize kwa nini.

Dawa ya meno! Nimezunguka dunia. Nimeona mtu akikaanga mayai juu ya injini. Nimeona nahodha akisukutua kwa bia. Lakini mtutu kung'arishwa kama gego, hilo lilikuwa linaingoja damu yangu mwenyewe. Mwanangu, dawa ile ni mchanga uliosomeshwa. Umesoma, umevaa tai, lakini ni mchanga!

Sasa fanya hivi, na safari hii ungoje. Pitisha vitambaa vyenye mafuta kutoka nyuma, kimoja kimoja, mpaka kitoke cheupe. Kausha. Mwambie msimamizi aukague mdomo wa mtutu kwa lenzi aone kama ni mzima. Akitukana, vumilia, ana haki. Halafu piga risasi, boksi baada ya boksi, na usisafishe. Za kwanza zitatawanyika kama vifaranga waliomwona wajina wangu. Usizikasirikie na usishike ufito. Nta itarudi yenyewe, utando utajijenga, na bunduki itakumbuka kazi yake.

Nilikasirika mpaka saa ya chai, kisha ikaisha. Mama yako ndivyo alivyo. Nilipopata kazi ya kwanza alinifulia shati, akalifua, akalifua, kola ikatoka. Nikaenda kazini bila kola, nikawaambia wenzangu ndiyo mtindo wa ng'ambo, na wiki iliyofuata wawili wakakata za kwao. Shati lile nililivaa mpaka likawa uzi. Sijapata kuwa na shati jingine la hivyo.

Mjomba wako anayekusamehe na kopo lako.


Tarehe 20 Aprili

Mjomba,

Salamu kutoka nyumba yenye jogoo kichaa. Mama alicheka habari za kola mpaka akashika mbavu, kisha akasema shati lile lilikuwa bovu tangu dukani.

Barua zako mbili, ya maelekezo na ya matusi, zilifika siku moja zimeshikana mikono. Nimefanya yote. Vitambaa vilitoka vyeusi, vikatoka vya kijivu, mwisho vyeupe. Msimamizi alipiga lenzi akasema mdomo ni mzima kwa bahati, akaniita jina ambalo mama hajui kama ninalijua. Kisha nikapiga. Aibu gani, Mjomba! Karatasi kama imenyeshewa mvua ya mawe. Moja kushoto, moja juu, moja sijui ilimwendea nani. Kila jioni mkono wangu ulikuwa unautafuta ufito, nikaukalia mkono. Lakini wiki iliyopita zimeanza kusogeleana, kama ndugu waliogombana wanapokutana msibani.

Sasa nina swali. Nilimwonyesha msimamizi lile ganda. Akanieleza kwamba kwenye bunduki hizi ndogo pini hugonga ukingo wa ganda, haigongi katikati, na mtu akifyatua chemba ikiwa tupu, pini huumiza chuma. Kwa hiyo anayefanya mazoezi bila risasi hutia ganda lililokwisha, na kila akifyatua hulizungusha kidogo lipate mahali papya. Akaligeuzageuza lako kwenye mwanga. Akasema, "Huyu hakuchoka kushinda. Aliyechoka hafanyi hivi."

Ulikuwa unalenga nini, Mjomba, humo chumbani? Na barua yako ya mwisho mistari yake inapanda kama ngazi, na mahali pawili umeandika juu ya maneno mengine. Mwoka mikate alikusomea kwa sababu ya unga?

Unaona? Nijibu neno moja tu.

Mpwa wako.


Tarehe 15 Mei

Mjomba,

Mama hajambo. Mimi sijambo. Jogoo ameliwa.

Sijapata jibu. Mama haulizi, ila kila mtu wa posta anapopita hutoka nje kuanika nguo zilizokwisha kukauka. Kama nimekuudhi, nitukane kwa ukurasa mzima, nitafurahi. Usininyamazie.

Mpwa wako.


Tarehe 24 Mei

Mpwa wangu,

Usishtuke kuona mwandiko mzuri. Si wangu. Ni wa mwoka mikate, ambaye alikaa shuleni mpaka mwisho, na ndiyo sababu leo anaamka kabla ya majogoo. (Naandika kama ninavyoambiwa, dada mtengeneza meno. Matusi nimeyapunguza.) Pole kwa jogoo. Mwambie dada yangu aache kuanika nguo kavu, zitachakaa bure.

Uliomba neno moja. Basi: hapana, sioni.

La kushoto lilifunga duka kwanza, la kulia likaona haya kubaki wazi peke yake. Daktari alitumia maneno marefu, nikamwambia ayakate, akayakata: hayarudi. Naona mwanga wa dirisha, naona kivuli cha mtu akisimama mbele yake. Basi. Habari hii sikutaka uisome kwa mkono wa mtu mwingine, na mkono wangu nao haukuweza tena kuipata karatasi. Ndiyo maana nilikunyamazia.

La ganda tuliache. (Dada, mimi siliachi, nitaliandika mwenyewe. Naishi chini yake. Kila jioni kabla ya kula nilikuwa nasikia "ta", kimya, kisha "ta". Siku moja nikapanda na mkate nikamkuta analenga kwa bunduki tupu. Amebandika ukutani kifungo cheusi cha koti. Aliniambia mkono usiolenga husahau. Siku hiyo kiti chake kilikuwa mlangoni, mwisho kabisa wa chumba. Kadiri miezi ilivyopita, kila nikipanda nakuta kiti kimesogea mbele. Kikafika katikati. Kikafika kitandani. Siku ambayo mtutu ulikosa pa kunyookea, alinituma nikamtafutie boksi refu.) Anaandika nini huyu? Nimesema maneno matatu, kalamu inakimbia kama inafukuzwa na mbwa! (Nimemwambia ni nukta na mikato.)

Kuhusu mashindano, siji. Uwanja ule walizoea kuniona nikiingia kama bwana harusi. Waache wabaki na picha hiyo. Mwewe wa kushikwa mkono ni kuku. Na chumba cha uani mpeni mtu mwenye kazi ya kufanya hapo nyumbani. Mimi nitakuwa nani huko? Nitakuwa samani. Na samani haijifuti hata vumbi.

Piga vizuri. Pumua, toa nusu, bana nusu, usiivute risasi kwa hasira.

Mjomba wako.


Tarehe 16 Juni

Mjomba,

Namwomba mwoka mikate akusomee polepole, na matusi yangu asipunguze.

Mama aliisikiliza barua yako mpaka mwisho, akainuka na magoti yake hayo hayo, akaenda akakaa kwenye kitanda cha chumba cha uani. Alipotoka alisema neno moja: "Mjinga." Macho yake yalikuwa mekundu, na kesho yake akakifagia tena chumba ambacho hakina hata unyoya.

Mashindano yamekwisha. Nimekuwa wa nne. Najua ungesema wa nne ni wa kwanza aliyechelewa. Lakini raundi ya mwisho niliipiga kama ulivyosema, nikatoa nusu, nikabana nusu, na mtutu sikuwa nimeugusa tangu Machi. Karatasi ya raundi hiyo nimeitia humu ndani, risasi tano, na muhuri wa klabu. Usimwulize mwoka mikate inaonekanaje. Iguse.

Sasa nisikilize mimi. Baada ya hapo nilikaa mezani nikasafisha komeo. Likatakata. Nikalisafisha tena. Kisha nikaona mkono wangu mwenyewe unaelekea kwenye kopo la dawa ya meno! Msimamizi akaninyang'anya, akasema ataliweka kwenye sefu pamoja na risasi. Mjomba, mimi sijui kuacha. Mikono yangu imefundishwa kuanza tu. Na ni wewe uliyeniandikia kwamba macho ni waongo, kidole hakina sababu ya kudanganya. Ulisema kweli au ulikuwa unajisifu?

Kama ni kweli, nakuomba ufanye kazi nami. Mimi nitapiga, wewe utasafisha. Komeo, ukucha, chemba, kitako ambacho elimu yake ya juu mpaka leo hujaniandikia: ni kipi hapo kinachotaka macho? Msimamizi ana bunduki nyingine za klabu ambazo husafishwa na watu kama mimi, na anasema halali usingizi.

Ganda lako nimelitoa mfukoni nikalirudisha ndani ya chemba, mahali pake. Mimi silitumii. Ni la kwako, linakungoja.

Mpwa wako, wa nne.


Tarehe 5 Julai

Wa nne wangu,

Salamu kwenu nyote, na kwa msimamizi aliyekamata kopo. Huyo apewe medali.

Karatasi imefika. Nilipitisha kidole kutafuta matundu matano, nikapata moja. Nikapiga kelele: jamani, huyu mtoto nne amezipeleka nje ya karatasi! Mwoka mikate akacheka, akasema, mzee, papasa kingo. Nikapapasa kwa kucha, taratibu, nikaona tundu lina mabega, moja limeegemea jingine. Zote zimepita mle mle. Ncha ya kidole changu kidogo imezama na kukaa. Katika mabara manne sijapata kusoma kitu kizuri kama hicho. (Dada, alilia. Anasema ni vitunguu. Hapa tunaoka mikate, hatuna kitunguu.)

Unauliza kama nilikuwa najisifu. Nilikuwa najisifu, lakini ilikuwa kweli. Mimi hujisifu kwa mambo ya kweli tu, mengine ni ya kuongezea uzito.

Kazi nimeikubali. Sharti langu, asinishike mtu mkono. Nitashika bega la dada yangu mimi mwenyewe. Huko si kushikwa, huko ni kushika, na yeye na magoti yake atanihitaji kuliko nitakavyomhitaji. Mwoka mikate atanileta kwa basi Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Atafunga tanuri siku nzima, watu wa mtaa huu wale viazi. Tangu macho yaondoke anahamisha kete zangu kwa wizi, na bado namfunga. (Yote mawili ni kweli.)

Elimu ya juu ya kitako ni hii: mafuta ya mbegu za kitani, tone moja, juu ya kiganja kitupu. Unapaka mbao mpaka ipate joto la mwili wako, kisha unaacha. Huko kuacha ndiko wengi wanakofeli mtihani. Nitakushika kiganja nikuonyeshe ni wapi.

Neno la mwisho. Nawajua, wewe na mama yako. Wakati unasoma hapa, yeye ameshashika ufagio na wewe unatafuta ndoo. Nawaomba, nyumba msiisugue sana. Kiti cha jikoni kibaki pale pale kinapowagonga miguu. Na ule mlango wa uani unaolia, mpwa wangu, usiutie mafuta. Niachie hivyo hivyo. Nikiusukuma nataka niusikie unalia, nijue nimefika.

Mjomba wako.